Mdhamini wa Emilian

Kosa langu lilikuwa kutangulia kuweka kitanda.

Nyumba ilikuwa imekwisha. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, bati la kijani. Niliijenga uani kwangu, upande wa barabara, hapa Ganako kwa vitunguu vya misimu sita. Ningeifunga tu nikasubiri mpangaji aje na vyake. Lakini dalali akaniambia, "Bibi, siku hizi Karatu watu wanataka nyumba yenye vitu ndani. Weka kitanda, weka meza, weka pazia. Watu wa utalii hawahami na makabati."

Nikamsikiliza. Nikamwita seremala, akapiga kitanda uani, futi tano kwa sita. Kilipokwisha tukakiinua watu wanne, kikakataa kupita mlangoni. Fundi akautazama mlango kana kwamba mlango ndio uliokosea.

"Mama, huu mlango wako ni mwembamba."

"Mlango ulikuwepo ulipokuwa unapima."

Akakikata katikati, akakiunga upya ndani kwa misumari, na tangu siku hiyo mtu akijigeuza kinalia kama bata. Hilo nalo nikalivumilia. Watu husema nina subira. Wanalisema hasa wale wanaotaka kuniomba kitu.

Sasa, ninaye shemeji yangu Lazaro, mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu msingi unachimbwa, yeye amekuwa akiiita "nyumba ya familia". Hakubeba hata tofali moja. Jumapili moja tumetoka kanisani akasema mbele ya watu, sauti juu, "Shemeji, mpaka tunavuna maharage, kama hujapata mtu, Emilian ataingia. Nyumba ya familia haiwezi kukaa tupu na mtoto wa familia anahangaika."

Emilian ni mwanawe. Ana miaka thelathini na mbili. Ni dereva wa magari ya watalii, wa kuitwa akihitajika, na masika haitwi. Nilijua akiingia mle hatatoka mpaka nizikwe, na nikishazikwa atakuwa yuko kwao. Kila nilicho nacho ni cha ukoo: shamba, ng'ombe, hata hili jina la Mama Clemensi. Nyumba ile tu nilitaka iwe yangu, niseme mimi nani anaingia. Kwa hiyo nikahitaji mpangaji, na upesi.

Dalali akaanza kuwaleta. Mimi na darasa langu la nne nikafungua daftari, nikaandika maswali yangu juu, na chini nikaacha nafasi ya majibu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa kampuni ya utalii. Alitazama geti kabla ya nyumba.

"Bibi, Landkruza haipiti hapa."

"Kwani wewe unalala kwenye gari?"

"Hapana, ila lazima niwe naliona kutoka dirishani. Ukikata hii mibuni minne, inatosha kabisa."

Nikamwambia akapange uwanja wa mpira.

Wa pili akasema anaishi peke yake. Nikamuuliza mara mbili. Nikiwa bado naandika "peke yake" simu yake ikalia, na sauti ya mwanamke ikasikika mpaka kwangu: "Umeuliza kama watoto wote watano wataenea?"

Wa tatu alikuwa Kimaren, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Malambo. Huyo nilimpenda. Alivua kofia, akanisalimia kama mama yake, akasema kweli yake yote bila kuulizwa. "Mama, mimi nitalala hapa siku za mnada tu. Siku nyingine nitaifunga." Nikamkatalia huku naumia. Nyumba iliyofungwa mwezi mzima ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anaisubiri Lazaro.

Wiki hiyo hiyo Emilian akaja na begi.

"Mama mkubwa, naomba niliweke mle kwenye nyumba tu. Kwa baba kunavuja."

Ungefanya nini? Mtoto wa shemeji yako kwetu ni mtoto wako. Nilimbeba huyu mgongoni, nikamlisha uji mama yake alipokuwa mgonjwa. Utamwambiaje kwamba begi lake halina nafasi? Nikampa ufunguo aliweke, aurudishe. Ufunguo haukurudi. Begi likafuatwa na blanketi, blanketi likafuatwa na godoro, na godoro likaja na mwenyewe. Asubuhi naamka nasikia kitanda kinalia.

Umeme niliouweka kwenye luku ili watu waone taa zinawaka, ukaishia kwenye mechi zake za mpira. Meza mpya ikapata duara jeusi la sufuria. Na kila dalali alipoleta mtu, Emilian alikuwa mlangoni kifua wazi, mswaki mdomoni, anasema, "Karibuni, karibuni, msiogope." Wanawake wawili waligeuza hapo hapo. Dalali akanivuta pembeni.

"Bibi, nyumba unapangisha au unaonyesha?"

Nikamwambia Emilian, "Mwanangu, natafuta mpangaji."

"Akija natoka, aayo."

Akitaka kitu huniita hivyo, mama kwa Kiiraqw, na sauti anailegeza.

Ndipo akaja Ndeshi. Mwanamke wa Moshi, miaka kama thelathini na tano, mikono ina alama za kuungua. Anapika vyakula vya boksi, vile watalii wanavyobebeshwa wakishuka kreta kuona wanyama. Nikafungua daftari.

"Unakunywa?"

"Mbege, nikienda nyumbani Krismasi."

"Wageni?"

"Mdogo wangu, mara moja kwa mwezi. Analala, anaondoka."

"Kelele?"

"Hapo bibi nisikudanganye. Saa tisa usiku naamka kukaanga kuku. Utasikia mafuta, utasikia harufu. Kama hutaki, niambie sasa hivi."

Nikafunga daftari. Katika wote hao, ni yeye na Kimaren tu walioniambia jambo lisilowapendeza. Lakini na yeye alikuwa na maswali yake. Maji yanatoka kila siku? Soketi ya jikoni inabeba oveni? Bomba la sinki linamwaga wapi? Nilijibu kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni. Mwisho akauliza, "Na yule kaka pale mlangoni?"

"Ni mwanangu. Anatoka."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

"Basi Jumamosi saa tatu nakuja na kirikuu na mizigo yangu yote. Nikimkuta ndani, bibi, nageuza. Kuna nyumba nimeiona mjini. Siipendi, lakini haina mtu."

Jumatano nikamwambia Emilian. "Nimekusikia, aayo." Alhamisi nikamwambia. "Kesho, mama mkubwa." Ijumaa nikamwendea Lazaro nyumbani kwake, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi.

"Shemeji, mwite mwanao arudi."

"Unamfukuza mtoto kwa ajili ya mgeni wa Moshi?"

"Kwako ana chumba."

"Chumba kinavuja," akasema. Niliinua macho. Bati lilikuwa jipya, linang'aa. Naye akaliona jicho langu, akainamia mahindi yake.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kuliko miguu yangu inavyoruhusu. Usiseme nilikuwa na subira siku ile. Nilikuwa na hasira mpaka nikasahau kufungia kuku.

Jumamosi, kabla ya saa tatu, akafika Marsela, mwenyekiti wetu wa kitongoji, na muhuri wake kwenye mfuko wa plastiki. Kwetu mpangaji haingii bila yeye kushuhudia mkataba. Dalali alikuwa amenunua nakala za mkataba stesheneri, zile zilizochapwa tayari, unajaza majina tu. Nakala za Ndeshi zilikuwa zimeshajazwa, na kaka yake wa Njiapanda ameshatia saini kama mdhamini. Nyingine mbili zilikuwa tupu.

Kirikuu kikafika. Oveni nyuma, ndoo, masufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Ndeshi hakushuka. Alitazama nyumba, akamwambia dereva asizime gari.

Nikagonga. Ndani kitanda kikalia.

"Emilian!"

"Nipo, mama mkubwa. Naongea na simu."

Nami nikajua anaongea na nani, kwa sababu hazikupita dakika kumi Lazaro akatokea kwenye kichochoro amevaa koti la kanisani.

"Mwenyekiti, shikamoo," akamwambia Marsela, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka ishirini. Lazaro akiwa na shida humwamkia kila mtu. "Hakuna haja ya kelele. Mpangaji amepatikana. Andika Emilian."

Ndeshi akatoa kichwa dirishani. "Bibi, nigeuze?"

"Ngoja."

Sikuwa nimepanga lolote. Nataka niliseme hilo wazi, maana baadaye watu walinisifu kwa ujanja ambao sikuwa nao. Nilikuwa nimechoka tu. Nilifikiri: kama ndiyo naishindwa nyumba yangu, basi huyu naye aandikwe kama walivyoandikwa wengine, asiingie kwa begi. Nikachukua nakala tupu, nikampa Marsela.

"Mwandike."

Marsela akanitazama. "Mama Clemensi, una uhakika?"

"Andika. Mpangaji, Emilian Lazaro."

Emilian akatoka, kifua wazi, anatabasamu. Lazaro naye akatabasamu. Marsela akaandikia kwenye goti lake.

"Kazi?"

"Dereva."

"Wa nani?"

"Wa... msimu."

"Mtakaa wangapi?"

"Mimi. Na nikija kuoa..."

"Mmoja," akaandika Marsela. "Mdhamini?"

"Baba yangu si huyo hapo."

Marsela akampa Lazaro kalamu, na kwa kuwa ndiyo kazi yake, akamsomea. "Mdhamini atalipia uharibifu wowote utakaofanywa na mpangaji. Mpangaji akitakiwa kutoka asitoke, mdhamini atamtoa na kumchukua kwake."

Kalamu ya Lazaro ikasimama hewani.

"Rudia hapo mwisho."

"Atamtoa na kumchukua kwake."

"Hicho kifungu nani amekitia?"

"Kimechapwa, mzee."

"Kifute."

"Hakifutwi," nikasema. "Kaka yake Ndeshi amesaini hicho hicho, na hajawahi hata kuiona hii nyumba."

Lazaro akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe huku midomo inacheza. Akaisoma tena. Kirikuu kilikuwa kinanguruma, kuku wanapiga mbawa kwenye ndoo.

"Baba, saini tu," akasema Emilian.

"Nisaini nini! Uliung'oa mlango wa banda langu ukaenda kuuuza mnadani, ng'ombe wakiwa ndani!"

"Nilikuambia nitaurudisha."

"Ng'ombe walifika Rhotia! Niliwafuata kwa mguu!"

Marsela akaugeuza uso, akajifanya anautafuta muhuri.

"Shemeji," nikasema, "husaini?"

"Mimi ni mzee. Siwezi kubeba mambo ya huyu mtoto."

"Na mimi ni msichana?"

Aliiweka kalamu juu ya karatasi polepole, kama mtu anayeweka yai. Akaangalia viatu vyake.

Nilidhani nitafurahi. Lakini nilimwona Emilian, tabasamu limemtoka, anamtazama baba yake kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Baba, kweli?"

Lazaro alishaondoka, koti linampepea. Bila kwaheri kwa mtu.

Emilian akaingia ndani. Akatoka na godoro kichwani na begi mkononi. Hakuniita aayo. Hakuniita kitu. Akavuka ua, akalitupa godoro barazani kwangu, akakaa juu yake. Akaniletea ufunguo, akarudi kukaa. Ndeshi akazimisha gari, akashuka, akasaini. Marsela akapiga muhuri mara mbili, wa kwanza haukutoka vizuri. Tukaanza kushusha oveni, wanawake watatu na dereva, na Emilian kwa kujisikia vibaya akaja akashika upande mzito bila kuambiwa.

Nilipompa Ndeshi ufunguo aliupokea, akaugeuza mkononi.

"Bibi, yule kaka alikuwa na huu?"

"Ameurudisha. Umemwona."

"Hakuchonga mwingine?"

"Ni mwanangu, Ndeshi."

"Najua, bibi. Lakini mimi nitakuwa peke yangu humu. Naomba ubadilishe kitasa."

"Kitasa ni kipya! Hakina hata miezi mitatu."

"Kwangu mimi si kipya."

Kitanda, fundi, dalali, Lazaro, na sasa huyu hajaweka hata ndoo chini ananiagiza kitasa. Nikamgeukia Emilian ili anijibie, nimwonyeshe mwanamke huyu kwamba sisi si watu wa namna hiyo.

"Emilian, ulichonga ufunguo mwingine?"

Alikuwa anafuta jasho. Akaendelea kulifuta, muda mrefu kuliko jasho lenyewe. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mpya, wa njano, akaniwekea kiganjani.

"Ni mmoja tu?"

"Ni mmoja tu, mama mkubwa."

Nilimtazama usoni. Nilimlea mtu huyu, na sikuweza kujua kama ni kweli.

"Kuna makande kwenye chungu," nikamwambia. "Kale."

Nikaingia ndani kutafuta viatu vyangu vya barabarani. Duka la vifaa hufunga mapema Jumamosi, na kitasa nilitaka nikichague mwenyewe.