Kisahani cha Sita

Kisahani cha kwanza kilipita kando ya sikio la mtafiti kikapasuka ukutani, na kimiminika chekundu kilichokuwamo kikachuruzika hadi sakafuni. Cha pili hakukiona. Kilimpata juu ya jicho, akahisi damu ya moto ikimshuka shavuni, na hapo ndipo alipoamini kwamba kaka yake amekuja kuua.

"Sikukufuata wewe, Profesa," kaka mtu alisema huku akihema, akivinyooshea kidole visahani vya seli. "Nimewafuata hawa."

Mlango alikuwa ameufungua kwa teke. Huyu ndiye aliyekuwa fundi saa, mtu wa kushika parafujo ndogo kama mbegu ya mchicha bila kupumua, mtu aliyeshindwa hata kuchinja kuku. Sasa mabega yalimruka, vidole vilicheza vyenyewe, na miguu ilikwenda kama ya mlevi. Ugonjwa ule unaokula ubongo taratibu aliurithi kwa baba yao. Mzazi akiwa nao, kila mtoto hupewa nusu ya bahati na nusu ya balaa. Baba mwenyewe hakufa kwa ugonjwa. Vijana wa kituo cha mabasi walimwona akiyumba mchana kweupe, wakamwita mlevi, wakampiga marungu hadi mbavu zikaingia ndani, na maskini hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Kabla ya hapo, ugonjwa ulikuwa umemfanya amvunje mama taya. Mama hakumlaumu. Alisimulia tu kwamba yote yalianza na mguu, mguu wa baba uliokataa kutulia chini ya meza ya chakula, naye akawa anamwekea mkono gotini mpaka utulie.

Binti yake, ndiye huyu mtafiti, alikua na hasira na ugonjwa ule, akausomea. Alichukua kipande cha ngozi ya mkono wa kaka yake, akakirudisha utotoni kikawa seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, kisha akazilea miezi mitatu hadi zikawa seli za neva kama zilizomo ubongoni. Zilikaa kwenye kabati la joto, ndani ya visahani vya kioo, zikilishwa kila siku saa nane mchana, iwe Jumapili au sikukuu. Zilihitajika na nyingine za kulinganishia, kutoka kwa ndugu mzima wa mgonjwa. Ndugu alikuwa mmoja tu, yeye. Alijikata ngozi mwenyewe, na fomu ilipouliza kama mtoaji amepimwa akaonekana hana ugonjwa, aliandika ndiyo. Hakuwahi kupimwa. Alijidanganya kwamba hakupata nafasi, lakini moyoni alijua kuwa ni woga, woga mtupu.

Visahani vilikuwa sita: vitatu vya kaka, vitatu vyake. Viliandikwa namba tu, ili jicho la anayehesabu lisipendelee, na siri ya namba ilifungwa katika bahasha kwenye sefu ya mkuu wa idara. Asubuhi ile alikuwa amehesabu seli zilizokufa, akitarajia vitatu viwe makaburi na vitatu viwe hai. Vyote sita vilikuwa makaburi. Akahesabu tena. Akalaumu joto, akalaumu chakula cha seli, na mwishowe akamgeukia mama fundi wa maabara, mtu mzima mwenye wajukuu, akampokonya daftari na kumtupia kifuani. Siku zote mama huyo alimtania kwamba kwa mguu ule usiotulia kitini angefaa kuwa fundi cherehani. Safari hii hakutania. Aliokota daftari, akasema anakwenda kuomba bahasha ili mkosaji ajulikane.

Alikuwa hajarudi mlango ulipopigwa teke.

Kaka alichukua kisahani cha tatu. "Jana nimemvunja mke wangu mkono," alisema. "Nimeusikia mfupa. Nikakupigia simu mara nne. Ulinijibu nini?"

Mtafiti alikumbuka vizuri alichojibu. Alisema yuko kazini, anawalisha.

Cha tatu kikapasuka. Alimrukia kaka yake, akapigwa kiwiko cha kifua, akaanguka juu ya vioo. Akainuka, akamng'ata mkono hadi akaonja damu, asijue ni ya kaka au ni yake mwenyewe iliyokuwa ikimtiririka usoni. Kaka akamsukuma kando. Cha nne kikaenda, cha tano kikaenda. Hapo mtafiti akanyanyua kigoda cha chuma, na kwa kitambo kifupi alitaka kwa moyo wake wote kumpasua kichwa.

Kaka hakumwona. Alikuwa amekishika cha sita, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki changu?"

"Sijui."

"Umewalea miezi mitatu. Utakosaje kuwajua?"

Kigoda kikamwelemea. Akakishusha. "Nilidhani ningewajua," alisema. "Wako na wangu, wote wamo humo. Na wote wanakufa sawasawa, kaka."

Fundi saa hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alimtazama mdogo wake, akatazama vioo sakafuni. Mkono ukamruka, kisahani nusura kimponyoke, naye aliyevunja vitano akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

Saa ya ukutani ilikuwa imefika nane na dakika tano.

"Basi walishe," alisema. "Huenda ni wako."

Mtafiti akavuta kigoda, akaketi mezani. Kaka akakiweka kisahani mezani, akakishika kwa mikono yote miwili, viwiko vikiegemea meza, ili kisitikisike, na dada akadondosha chakula kwa bomba jembamba, tone kwa tone, huku damu ya juu ya jicho ikidondoka kando yake. Mama fundi akatokea mlangoni na bahasha mkononi, akasimama palepale. Hakuna aliyegeuka. Kaka alikuwa akitazama chini ya meza.

"Mguu wako huo," aliuliza polepole, "umeanza lini?"

Mtafiti akainamisha macho. Mguu wake ulikuwa ukipanda na kushuka, ukiponda vipande vya kioo. Aliuamuru utulie. Haukutulia.

Kaka akatoa mkono mmoja kwenye kisahani, akauweka juu ya goti la mdogo wake. Mkono ulicheza, goti nalo likacheza. Mama fundi aliiweka bahasha mezani bila kuifungua, akaenda kutafuta ufagio.