Taarufu ya Mwenyekiti

...au ni taarufu tu, hiyo adabu yetu ya kumpa mtu kitu kwa moyo mkunjufu huku ukijua atakikataa, maana mwenyekiti ametabasamu mno, "Haji Agha Taftani, faqihi wetu ni wewe, ukisema hapana, wallahi tunalifuta jambo lenyewe hapa hapa," na mkono kifuani, na wenzake wakadakia, "Sisi ni nani mbele ya Haji Agha?" haraka mno, kama waliofanya mazoezi, na sasa sinia la chai liko mbele ya pua yangu, Rahim mhudumu kainama nalo, "Karibu, Haji Agha," nami sijanyoosha mkono... kwa nini leo? Juzi kwenye suala la benki hawakuniuliza hata hali, leo wote wananiachia mimi, wanataka kilemba changu hawa, si rai yangu, kesho waseme mwenye sheria mwenyewe aliridhia... na maji wanayotaka kuyavuta kwa bomba hadi Tehran ni ya Bibi Zivar, mjane aliyechimbisha mfereji ule wa chini kwa chini akauweka wakfu kwa mashamba ya Narun mpaka Kiyama, na sharti la mweka wakfu haliguswi, nimelifundisha chuoni Qom mpaka sauti ikanikauka, lakini maslahi ya umma, anasema mwenyekiti, Tehran ina kiu, na kweli ina kiu, binti yangu Mahrokh huko anamwogesha mwanawe kwa birika, jana kanipigia, "Baba, hiyo sheria yenu inanyweka?" nikacheka, na moyo ukaniuma... dharura huhalalisha, ndiyo, ningeridhia sasa hivi, yangekuwa ya kunywa. Ya kunywa! Maslahi, maslahi, asubuhi nzima, na neno kunywa halijamtoka hata mara moja, na mhandisi wake alimnong'oneza mlangoni kwamba bomba linapita kiwanda cha chuma... linapita au linaishia? Masikio ya uzee haya, labda nawadhulumu, kudhania watu vibaya nako ni dhambi...

"Haji Agha yuko peponi tayari," mwenyekiti anacheka, "atuombee na sisi!" Wanacheka wote, nami najua ninachotakiwa kusema, aliyelelewa nyumbani kwa watu anajua, astaghfirullah, bwana mwenyekiti, uamuzi ni wenu, naye atakataa, nami nitasisitiza, na kabla chai haijapoa Narun itakuwa imekauka... nimwulize? Ataniapia. Sitamwuliza. Nitafanya ujinga asioufanya hata mgeni wa jana, nitamwamini, amesema nikikataa wanalifuta, basi nitakataa, kwa sauti, nikimtazama usoni, na kama ni maji ya mtoto wa Mahrokh atagombana nami, atapiga meza, ataniita mzee mkaidi, na hapo nitaridhia kwa furaha, nitambusu paji la uso... na kama ni ya kiwanda atatabasamu tu, aende kutafuta mlango mwingine. Naogopa, ya Rabbi, si kugombezwa, natamani kugombezwa... "Itapoa, Haji Agha, karibu," anasema Rahim, mgongo umeanza kumuuma maskini, na kule nyuma ya sinia mwenyekiti bado anatabasamu.