Kamba Yenye Mafundo Matatu

Alhamisi, tarehe 14 Aprili 2016, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya Kanyakine tangu alfajiri, na mabati ya kanisa yalimlazimu kila msemaji kupaza sauti.

Niliketi meza ya mbele, kando ya Mzee Murithi, mwenyekiti wa kikundi cha mianzi. Mbele yetu kulikuwa na mifuko miwili ya udongo. Maabara ilikuwa imeirudisha ili wanachama waione. Mmoja nilikuwa nimeuandika "Kwa Mama Kiende". Wa pili nilikuwa nimeuandika "Iliyofyekwa".

Siku hiyo wanachama walipaswa kuamua kama mianzi yote ifyekwe kwa pamoja, kuanzia sehemu ya Mama Kiende.

Mama Kiende, jina lake Kathure, alikuwa na utaratibu wake kwa miaka kumi na mmoja. Chipukizi likitoka, alilifunga kamba ya mgomba. Kila mwaka aliongeza fundo. Mwanzi haukukatwa kabla ya fundo la tatu, na majani aliyaacha yaoze pale pale. Alisema udongo wake uko hai. Kazi yangu ilikuwa kuupima uhai huo: kuchukua udongo kwake na katika sehemu iliyofyekwa ng'ambo ya mto, ili maabara ihesabu bakteria wanaoozesha majani na kulisha mizizi.

Sikuvuka mto.

Siku ya kuchukua sampuli mvua ilinikuta kwake. Alinikaribisha kibandani, akanipa githeri ya moto, mahindi na maharagwe, na koti la marehemu mumewe. Nilitazama mto uliojaa, kisha nikajaza mifuko yote kumi na miwili hapo hapo. Sita niliiandika jina lake. Sita niliiandika "Iliyofyekwa". Nilijiambia kwamba udongo ni udongo. Nilikuwa nimesoma chuoni miaka mitatu ili nisiseme neno kama hilo.

Mzee Murithi aliinua karatasi. "Ripoti inasema bakteria ni sawa pande zote mbili. Kufyeka hakujaharibu kitu."

Mutembei, aliyenunua mianzi yetu na kuiuza kule Mitunguu kwa kuegemezea migomba, alicheka. "Mama Kiende, kumbe miaka yote hiyo unasuka mianzi nywele bure! Nifunge na mimi fundo moja, labda nitarefuka."

"Wewe ukifungwa, Mutembei, tutaanza na mdomo," alijibu Mama Kiende.

Watu walicheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Alinigeukia. "Daktari wa matope, ulikula githeri yangu. Hao wadudu wako hawakuona tofauti hata kidogo?"

"Ripoti imesema hivyo, mama."

"Sijauliza ripoti. Hebu nione huo udongo wa ng'ambo."

Alikuja mezani na kuingiza mkono katika mfuko wa pili. Aliusugua udongo kwa vidole, akaunusa, akaingiza mkono tena. Alipoutoa, alikuwa ameshika kipande cha kamba ya mgomba. Kilikuwa na mafundo matatu.

Aliinama karibu nami. "Elphas," alisema kwa sauti ya chini, "nani alifunga hii kule ng'ambo?"

Aliiweka kamba kiganjani mwangu, akanikunja vidole, akarudi kwenye benchi lake. Hakumwambia mtu.

"Wanaokubali kufyeka, mikono juu," alisema Mzee Murithi.

Mikono mingi iliinuka. Mama Kiende aliiweka yake mapajani. Nilisimama.

"Mzee, naomba usihesabu. Udongo wote ni wa Mama Kiende. Mimi sikuvuka mto."

Mikono ilishuka mmoja mmoja.

"Ulitudanganya, sisi watu wazima?"

"Ndiyo, mzee."

Nilingoja nitukanwe. Mutembei alitazama viatu vyake. Mama Kiende aliinamisha uso kana kwamba aibu ilikuwa yake, na hilo nilishindwa kulitazama.

"Angeniuliza tu," aliwaambia waliokaa karibu naye. "Kuna gogo pale juu. Ningemvusha."

Mzee Murithi alifuta kura na kuahirisha uamuzi kwa wiki sita. Mutembei, aliyekuja na lori kubeba mianzi, alirudi Mitunguu nalo likiwa tupu. Bi. Igoki, mkuu wangu ofisini Embu, alipokea simu yangu saa saba, akaniondoa katika mradi huo wa udongo kabla ya saa nane. Cicily, mwenzangu wa ofisini, alitumwa kuchukua sampuli upya. Mama Kiende alimvusha kwa lile gogo, akamshikia mifuko. Kisha alirudi kwake kufunga machipukizi ya mwaka huo. Mimi nilikwenda kwetu Manyatta, nikamweleza mama yangu kwa nini nilikuwa nyumbani siku ya kazi.