Moja na Nane

Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu ashuke. Naanza na hilo kabisa, maana watu wakisimulia habari hii huanza na mvua, au na wale wa nchi ya juu, na mimi wananiweka pembeni kama shahidi tu.

Mdogo wangu ni fundi wa pampu za maji za mji wetu. Tunamwita Koleo, jina la kazini, lakini siku hizi hata mama yetu anamwita hivyo. Pampu zenyewe zimo ndani ya kisima cha zege pembeni mwa mto, ngazi thelathini za chuma kwenda chini. Mto ukipanda sana, maji yanaruka ukuta na kujaza kisima upesi, na aliye chini hana pa kukimbilia. Kwa hiyo sheria ni moja: Koleo hashuki mpaka mimi niseme shwari.

Na mimi najuaje kama ni shwari? Kwa simu. Mto huu unapita nchi tatu, sisi ndio wa mwisho. Kila siku saa moja asubuhi napigia kituo cha nchi ya juu, wananisomea kipimo chao, ile nguzo ya namba iliyosimikwa mtoni, naandika. Maji yakizidi mita tatu kule, yanachukua muda wa saa tatu kufika kwetu na kuruka ukuta. Zamani tulikuwa na kipimo chetu hapa darajani, lakini mafuriko ya mwaka jana yalikisomba, na cha wale wa juu kilikuwa kifupi, yalikimeza chote. Miaka hii mvua haina adabu, inakuja bila msimu. Nchi zetu zikakutana, zikakubaliana wale wa juu wafungiwe kipimo kipya kwanza, kirefu zaidi, nasi tusubiri zamu yetu.

Kwenye mkutano huo sikualikwa. Miaka kumi na moja nausoma mto huu, akaenda Mkuu wetu wa ofisi, mtu ambaye viatu vyake havijui tope la ukingo! Nilinuna, sifichi. Alirudi na begi jipya na picha za pamoja, na siku chache baadaye ikaja bahasha nene ya kaki kutoka kwa hao hao wa mkutano. Nikasaini kuipokea, nikaitupa kwenye droo. Nikajisemea, wasome wenyewe walioalikwa.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya pili mji hauna maji. Valvu ilikuwa imepasuka, hospitali inaletewa maji kwa lori, na sisi wengine tunaoga kwa kikombe. Koleo alikuwa juu, mdomoni mwa kisima, tangu alfajiri, simu mkononi.

"Dada, vipi? Nishuke nisishuke?"

"Subiri bwana, haraka ya nini? Unakwenda kuposa?"

Nikapiga juu. Mzee niliyezoeana naye alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Yeye alikuwa akikusomea namba, kisha anakupa na habari za mvua na za mgongo wake. Sasa alikuwepo dada mgeni, mpole, hana neno la ziada.

"Moja na nane," akasema.

"Moja na nane," nikarudia, maana ndivyo tunavyofanya, anayesikia anarudia. Tukaagana.

Jana yake ilikuwa moja na nne, yaani mita moja nukta nne. Yanapanda, lakini mita tatu bado ziko mbali. Nikampigia Koleo nikamwambia shwari, shuka, maliza tuoge na sisi.

"Ndiyo maana nakupenda!" Akacheka, akakata, maana kule chini simu haishiki.

Mpaka saa tatu na nusu roho yangu ilikuwa haijatulia. Labda ni ule uchache wa maneno wa yule dada. Mzee angeniambia kama mvua ilinyesha kwao au la. Nikapiga tena, nikijifanya namsalimia tu.

"Samahani, nimechelewa kupokea," akasema. "Nilikuwa nageuza viatu vikauke. Asubuhi nilipokwenda kusoma kipimo nilikuta njia imefunikwa, nikalowa mpaka magotini."

"Njia ipi? Ile ya mawe?"

"Hiyo hiyo."

Mzee alikuwa amenieleza habari za ile njia mara mia. Haiguswi na maji mpaka yapite mita tatu.

"Wewe! Si ulisema moja na nane?"

"Ndiyo, kwa kipimo kipya. Hiki kimefungwa juu zaidi ya kile cha zamani, kwa hiyo mnaongeza moja na nusu. Si tuliwaandikia? Kwenye ile bahasha..."

Moja na nane, ongeza moja na nusu. Mita tatu na ushee, tangu saa moja asubuhi, na sasa ni saa tatu na nusu.

"Mdogo wangu yuko chini!" nikapiga kelele. Nikakata, nikapiga simu ya Koleo, ikaita mpaka ikachoka. Nikavua viatu nikakimbia.

Kutoka ofisini mpaka kisimani ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu asiye na wasiwasi. Nilipita katikati ya foleni ya ndoo, watu wakaniuliza, "Mama, kuna nini?" sikujibu. Niliogopa, jamani. Nilikuwa nasema kwa sauti, barabarani, mchana kweupe: mama nitamwambia nini, mama nitamwambia nini.

Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukuta wa kisima ulikuwa umebaki kiganja kimoja. Msaidizi wake alikuwa amekwenda stoo kufuata boliti. Simu ya Koleo ilikuwa juu ya sanduku la vifaa.

"Koleo! Toka!"

"Bado boliti mbili, dada!"

"Toka nakwambia!"

"Si umesema shwari?"

"Nimekosea! Nimekosea mimi, toka!"

Nikasikia spana ikianguka, kisha miguu kwenye chuma. Alikuwa bado ngazi chache maji ya kwanza yalipomwagika juu ya ukuta yakampiga kichwani. Nikalala kifudifudi, nikamshika ukosi wa ovaroli, nikavuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Tukaanguka wote wawili nje, na nyuma yetu kisima kikajaa.

Mkuu akafika na gari, ameshapata habari nusu. "Hawa watu wa juu walitaka kutuulia mtu! Namba ya uongo! Andika barua sasa hivi. Kuanzia leo hatupokei simu zao, mkutano ujao hatuendi, na huyo msomaji wao afukuzwe."

Akanipa karatasi. Koleo, maji yakimchuruzika, akasema, "Andika, dada."

Ningeandika. Sijifanyi mwema hapa, kalamu nilikuwa nimeshaishika. Simu yangu ikaita. Ni yule dada, analia mpaka maneno hayatoki.

"Ametoka? Niambie ametoka."

"Ametoka," nikamwambia. Akamshukuru Mungu kuliko nilivyomshukuru mimi.

Nikamrudishia Mkuu karatasi yake. "Namba ilikuwa sahihi. Maelezo yalikuja. Yako kwenye droo yangu, sikuyafungua."

Mkuu alisema mengi, na barua ya onyo nilipata. Hayo yalinipita. Koleo akanigeukia.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Akakamua maji kwenye mkono wa ovaroli, akaondoka.

Ilichukua siku tisa kukausha kisima, na mji mzima ukabeba ndoo siku tisa kwa ajili ya kununa kwangu. Siku ya kumi nikapiga juu. Dada akasoma, nikarudia, nikajumlisha moja na nusu kwa sauti, akasema, "Hapo sawa." Nikampigia Koleo.

"Shwari. Shuka."

Zamani angeshanitania.

"Dada, usichukie," akasema. "Njoo usimame hapa juu mpaka nitoke."

Nikafunga ofisi, nikaenda.