Mistari Miwili Kuhusu Levi

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, katika masomo ya ngumbaru, na mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima. Kwa hiyo nilipomaliza kuandika historia ya ukoo wetu, kurasa sitini, sikutaka iliwe na mchwa kabatini. Nilimpelekea Mourine, mwenye saiba pale Mbita, aiweke mtandaoni.

"Yote, mzee?" akauliza.

"Historia haikatwi," nikamjibu.

Kuhusu mwanangu wa kwanza nilikuwa nimeandika hivi: Levi aliletwa na mama yake kutoka Karungu akiwa na miaka miwili. Joash alimlea.

Joash ni mimi. Levi mwenyewe alijua tangu darasa la sita. Wengine waliojua walikuwa wameshazikwa, au walinyamaza.

Levi sasa ni mwalimu kule Rodi Kopany. Jumamosi moja alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Baba, wanafunzi wangu wametafuta jina langu kwenye simu. Utani tu, walitaka picha. Kitu cha kwanza kutokea ni mistari yako."

"Lakini si uongo."

"Sijasema ni uongo. Nimesema ni yangu. Yangu na ya mama."

Mke wangu Roseline, ambaye mimi humwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, alikuwa akichambua dagaa wa omena mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Mimi pia hakuniuliza," akasema. "Alichouliza ni kama picha yake imekaa vizuri."

Levi alikaribia kucheka, akajizuia. "Na Walter ameisoma. Amenipigia."

Walter ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, mtu wa kushika mila. Levi alikuwa aanze kujenga nyumba yake ya kwanza hapa bomani mwezi huo. Mawe yalikuwa yameshafika. Kwa desturi yetu, mtoto aliyekuja na mama yake hujenga nje ya ua. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitaja jambo hilo. Sababu nimeitoa mimi, tena kwa mwandiko mzuri.

"Sitajenga nje kama mpangaji," Levi akasema. "Afadhali nijenge Rodi." Akaondoka.

Nilikwenda kwa Mourine siku hiyohiyo. Akafuta ukurasa mara moja. Lakini tulipotafuta jina la Levi, mistari ilitokea tena.

"Mashine za kutafuta zilishainakili," akaeleza. "Nimewaomba wenye mashine waiondoe. Tungoje."

"Na iliyo vichwani mwa watu?"

"Hiyo sina kitufe chake, mzee."

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Roseline msamaha kwanza, naye akanituma nimpigie Levi. Nikamwita na Walter. Nikawapeleka ndani ya ua, upande wa lango, nikapiga kigingi cha kwanza ardhini.

"Hapa ndipo mlango wa Levi," nikasema.

Walter akakohoa. "Baba mkubwa, lakini kule mtandaoni..."

"Kule niliandika mimi, na nilikosea kuandika ya mwenyewe bila kumuuliza. Hapa nasema mimi, na mwenyewe yupo. Una neno?"

Walter akanisogezea kamba. Levi alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni. Nikaifunga kwenye kigingi, nikaanza kurudi nyuma nayo, mgongo ukiniuma.

"Baba," Levi akasema, akija kuishika, "unapima mshazari. Lete hapa."