Jina la Marehemu Baba kwenye Nyumba ya Wageni

Yule mama wa Medellín alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amelala begani, mumewe anateremsha masanduku kwenye teksi, ndipo simu ya binti yangu Ledys ilipolia. Ledys akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Mama, wameifuta."

"Wamefuta nini?"

"Buking ya hawa hawa, kule mtandaoni. Na za wale wa sikukuu za Novemba, zote. Wanasema usajili wetu wa jiji umesimamishwa."

Yule mama naye simu yake ikaanza kulia mkononi. Akasoma huku amekunja uso.

"Bibi, hapa wananiambia nyumba hii haipo."

"Ipo, mwanangu. Si umeshika mlango wake?"

Akacheka kidogo, lakini mumewe hakucheka. Masanduku yalikuwa yamejaa njia nzima.

Nikawaingiza uani, maana mtoto haachwi juani kwa sababu ya simu. Nikawapa juisi nyekundu ya tunda la korozo, yenye barafu. Ledys akanivuta jikoni.

"Tuwaache walale. Watatulipa mkononi, nani atajua?"

"Atajua yule wa hoteli."

Hoteli tumepakana nayo ukuta kwa ukuta. Mlinzi wao anakaa kwenye kiti kutwa, na kazi yake kubwa ni kutazama nani anaingia kwetu. Kulaza wageni bila namba ya jiji ni faini, na faini ile ingeimeza nyumba yenyewe. Basi wale watu wakanywa, wakaniomba radhi kana kwamba wao ndio wenye kosa, wakaondoka kutafuta pengine. Mtoto hakuamka hata kidogo.

Hapa Getsemaní, mtaa wetu wa kale, wenyeji tuliobaki ni wa kutafuta kwa taa. Wenzetu waliuza mmoja mmoja. Mimi sikuuza kwa sababu nilikuwa na wageni. Wageni ndio waliolipia kodi ya jengo ya jiji, na kodi hiyo inapanda kila wenye hela wanapoupenda mtaa. Bila wageni ningeuza kama wenzangu, nikazeeke kwenye kijumba cha mbali ambako sijui jina la jirani. Nililijua hilo tangu simu ilipolia.

Kesho yake tukaenda ofisi ya jiji. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake.

"Mwenye nyumba ni Crisanto Marrugo. Aje mwenyewe na kitambulisho."

"Hawezi kuja, mwanangu."

"Anaumwa?"

"Ameshapita kuumwa."

Akainua macho. "Amefariki? Lini?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Na kodi ya jengo anailipa nani?"

"Yeye. Yaani nalipa mimi, kwa jina lake."

Hakunicheka. Akanieleza polepole. Zamani hakuna aliyelinganisha majina, sasa wanalinganisha. Anayekaribisha wageni ni Ubaldina, ambaye ni mimi, na mwenye nyumba ni Crisanto, baba yangu. Nikafungue mirathi, watoto wote wa marehemu wasaini, jina libadilishwe, ndipo niombe usajili upya.

Tulipotoka nje Ledys alikuwa amevimba.

"Miaka yote hii, mama! Hukulibadilisha?"

"Nani mtaani kwetu amebadilisha? Mtaje mmoja."

Jirani yetu Petrona, wa ng'ambo ya barabara, bili yake ya umeme mpaka leo inakuja kwa jina la babu yake, na msoma mita akiuliza mwenyewe yuko wapi, Petrona humjibu, "Anakusalimu." Kwetu kuondoa jina la baba kwenye nyumba ni kama kumtolea kiti chake barabarani. Tuliona ni heshima. Tena ilitufaa, kwa kuwa nyumba ikiwa ya baba, hakuna anayeuliza upande upi ni wa nani.

Sasa ilibidi kuuliza, na wa kuulizwa alikuwa ndugu yangu Eustorgio.

Tulizaliwa wawili tu. Wale wa hoteli walipokuja mara ya kwanza kutaka kununua, yeye alisema tuuze, mimi nikasema hapana, tukapandishiana sauti mlangoni mbele ya majirani. Akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena kizingiti kile. Akahamia kwa mwanawe, huko mtaa wa Torices. Lakini mchezo wake wa dhumna hakuuhamisha. Kila jioni alikuwa uwanjani kwetu, mbele ya kanisa, akigonga vipande mezani na wazee wenzake, nami nikipita na kapu langu natazama mbele.

Ledys alinionya. "Ukifungua mirathi, mjomba atadai fungu lake. Atawauzia hoteli. Unamfungulia mlango wewe mwenyewe."

"Na nisipofungua, tutakula nini?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni ile nikaenda uwanjani, nikasimama karibu na meza yao.

"Ondoeni vikombe!" akasema mmoja wao, jina lake Wilfrido, mwenye mdomo mkubwa kuliko kofia yake. "Malkia wa wageni ameshuka leo kutoka kwenye ngome!"

"Nyamaza wewe," nikamwambia, "hata kiti cha kukalia hujajinunulia, unakaa kwenye kreti."

Wakaangua kicheko. Eustorgio hakucheka. Akaweka kipande chake mezani bila kukigonga.

"Umepotea njia, dada?"

"Sijapotea. Nataka maneno mawili na wewe."

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," Wilfrido akawaambia wenzake, akiinuka. "Twendeni tukanunue sigara."

Tukabaki wawili. Nikamweleza yote, bila kuficha hata lile la faini. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimzidi shingo.

"Kwa hiyo unataka saini yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka mingapi nakaa hapa, Ubaldina? Unapika kahawa mpaka harufu inanifikia mezani. Hujaniita hata siku moja."

"Uliapa."

"Kiapo cha hasira nacho kinahesabiwa? Chumba cha mama umelaza watu wasiojua hata jina lake."

"Vyumba vyote nimelaza watu, hata changu. Mimi nalala nyuma ya jiko, Eustorgio. Ulidhani nalala wapi?"

Hakulijua hilo. Akageuza kipande cha dhumna mkononi, akakigeuza tena.

"Nitasaini," akasema. "Sitauza nikiwa hai. Lakini chumba cha mama ninakitaka mimi. Kwa mwanangu nalala sebuleni, na kila asubuhi mkwe ananikunjia godoro nikiwa bado nimelikalia."

Chumba cha mama ndicho cha mbele, chenye roshani. Picha ya roshani ile mtandaoni ndiyo iliyokuwa inawaleta wageni. Vile vingine viwili ni vya giza, watu huvikodi wakikosa kile. Niliporudi nikamwambia Ledys, akatupa mwiko kwenye beseni.

"Amekushika pabaya! Tutampangisha nani vile viwili? Popo? Na mjomba akishafumba macho, wanawe hawatangoja hata matanga yaishe kabla ya kuuza."

"Najua."

"Unajua halafu umekubali?"

"Nimekubali."

Kama ningekataa, wale wa hoteli wangeipata nyumba kabla ya Krismasi. Kwa kukubali, itabaki kadiri Eustorgio atakavyojaliwa pumzi. Kati ya hayo mawili nilichagua la pili, na sikulichagua kwa furaha.

Tukasaini, na Eustorgio akahamia chumba cha mama. Jina la baba likatoka, yakaingia yetu mawili. Ombi jipya la usajili tukalipeleka, kijana wa dirishani akasema tusubiri. Sikukuu za Novemba zikafika bado tunasubiri. Ngoma zilipita mbele ya nyumba, watu wakarushiana povu na unga, mtaa mzima umejaa wageni wenye kutafuta pa kulala, na vitanda vyetu viwili vimetandikwa havina mtu. Ledys kila saa anatazama simu, kisha anaigeuza kifudifudi. Eustorgio alikuwa roshanini na fulana, anawapigia kelele wapitao. Mlinzi wa hoteli akamwamkia, naye akajifanya kiziwi. Nilicheka, nikafuta macho.

Jumapili iliyofuata mwanawe wa kwanza, Hernando, yule aliyekuwa akikaa naye Torices, akaja kumtazama baba yake. Hakuwahi kuja kwetu tangu harusi yake. Alileta mkate wa jibini, akanibusu, akaniita shangazi mara nyingi. Nilipokuwa nachemsha kahawa nikamwona uani. Alikuwa anatembea kutoka ukuta huu hadi ule, kisigino mbele ya vidole, midomo inacheza taratibu kama anayehesabu hatua.

Eustorgio naye alimwona kutoka kitini.

"Wewe! Njoo ukae, kahawa inapoa."

Hernando akaja, akakaa, akanishukuru kwa kahawa. Macho yake yalibaki kwenye ule ukuta unaotupakanisha na hoteli. Nikamwongezea sukari, nikakaa kati yake na baba yake.