Mfuko wa Koko

Nyani wa kwetu Illasit wako na mfuko ndani ya shavu. Wanaingia shamba, wanajaza mahindi pande zote mbili, halafu wanakutazama na sura ya mgonjwa wa meno. Huo ndio mfuko wa mnyama niliokuwa naujua, mfuko wa wizi. Kwa hivyo nesi Kavutha aliponionyesha picha ya kangaruu ukutani, pale hospitali Kitengela, nilimwambia aniache na shida zangu.

Shida yangu ilikuwa mjukuu. Soipan, mke wa mwanangu, alikuwa amemzaa kabla ya miezi kutimia, halafu presha ikampanda, akalazwa wodi ingine. Sanduku la joto la watoto kama hao lilikuwa moja tu, na ndani kulikuwa na mapacha wa wenyewe.

"Koko," Kavutha alisema, maana huku ndivyo bibi anaitwa, "mtoto wa kangaruu anazaliwa akiwa kama haragwe. Anatambaa mpaka kwa mfuko wa mama yake, anashika titi, anakaa humo hadi akomae. Huyu wetu pia anataka mfuko. Ngozi kwa ngozi. Toa nguo za juu, na hizo shanga."

Nguo, sawa. Shanga, hapana. Kwetu mama havui shanga hovyo. Akivua, watu huuliza nani amekufa. Nikamfunika mtoto na blanketi tatu, nikasema zinatosha. Kavutha alichukua mkono wangu, akauweka kwa nyayo za mtoto ndani ya hayo mablanketi. Zilikuwa baridi.

Nilivua. Nikazilaza kwa beseni, moja baada ya nyingine, nikiogopa. Akanifunga mtoto kifuani kwa leso.

Mimi ni mtu wa kelele. Nikiita ng'ombe wangu, hata wa jirani wanageuka. Siku hiyo nilinyamaza, nikisikiliza ile pumzi ndogo, nikamuwaza huyo kangaruu. Nyani anaweka kwa mfuko kile anataka kumeza. Huyu anaweka kile anaogopa kupoteza.

Alasiri mwanangu Lemayian akafika kutoka mnada wa ng'ombe. Alisimama mlangoni, akaona shingo yangu tupu, akaona beseni. Mtoto alikuwa amezama ndani ya leso, haonekani. Lemayian aligeuka akaenda.

Kumwita siwezi, mtoto amelala. Kumfuata siwezi, nimefungwa mtoto na sina nguo ya juu. Nikampungia Kavutha mkono, nikanong'ona, "Mfuate. Anadhani mtoto amekufa."

Alimpata kwa geti, ameketi chini, shuka kichwani. Akamrudisha amemshika mkono. Nilitaka kumtukana, ndio njia yangu ya kupenda, lakini machozi yalinitangulia. Nikafungua leso kidogo. Kale kakichwa kakasogea.

"Yuko hai," nikamwambia. "Shika nyayo, ziko na joto."

Alishika. "Na Soipan?"

"Amekunywa uji. Ameuliza kama wewe umekula."

Ndipo akafungua shati lake, mwanaume mzima mbele ya wamama. "Nipe nimbebe, Yeyo," akasema, ndivyo sisi huita mama. " Wewe uvae."

Kavutha akamhamisha mtoto kwa kifua cha baba yake. Nikavaa mkufu wa kwanza, nikasema mingine itangoja, mtoto kwanza.

"Vaa yote, Yeyo," Lemayian alisema. Hakukaa chini mpaka nikafunga wa mwisho.